Namna ya Kusomea na Kufuzu Ualimu wa Shule ya Awali, Hatua kwa Hatua

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiulizwa maswali yaleyale na watu wanaotaka kufundisha watoto wadogo: nianze na cheti au stashahada, kozi ya mtandaoni inatambulika au haitambuliki, mazoezi ya kufundisha hupimwaje, na inakuwaje mtu aliyemaliza chuo aambiwe kwamba bado hana sifa. Nimeona ni vyema niyajibu mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mwanafunzi huupitia kweli, tangu siku anapolifikiria jambo hili kwa mara ya kwanza hadi anapokabidhiwa darasa lake mwenyewe. Mwalimu ninayemzungumzia ni yule wa watoto wenye umri wa kuanzia miaka mitatu hadi wanapofikia umri wa kuingia darasa la kwanza, kipindi ambacho uainishaji wa elimu wa UNESCO wa mwaka 2011 unakihesabu kuwa ndicho cha elimu ya awali. Malezi ya watoto walio chini ya miaka mitatu mara nyingi yana mafunzo yake na vyeti vyake, na ukichanganya njia hizi mbili mapema utapoteza muda.

Nitangulize jambo moja ambalo hatua zote zinazofuata zinalitegemea. Kinachomfanya mtu afuzu ni saa alizokaa na watoto chini ya uangalizi wa mwalimu mzoefu, pamoja na maandishi aliyoyaweka kuhusu saa hizo. Wanafunzi wengi niliowaona wakikwama walikuwa wamefaulu mitihani ya darasani vizuri kabisa. Walikwama kwa sababu jalada la mazoezi, yaani faili la kumbukumbu za kazi yao na watoto, lilikuwa na kurasa nyingi na ushahidi mchache.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Vyeti halisi vya elimu ya sekondari pamoja na nakala zilizothibitishwa, ukiwa umehakikisha kwamba jina lako limeandikwa herufi kwa herufi sawasawa kwenye vyeti, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho.
- Hati ya polisi inayoonyesha kwamba huna rekodi ya uhalifu. Kwa kuwa hati hizi huhesabiwa kuwa zimepitwa na wakati baada ya muda fulani, iombe pale tu unapokaribia kuihitaji.
- Ripoti ya uchunguzi wa afya na kumbukumbu za chanjo zako.
- Daftari dogo la kuingia mfukoni, lenye jalada gumu, kwa sababu utaandika ukiwa umesimama.
- Mpango wa kujikimu katika kipindi cha mazoezi ya kufundisha. Kipindi hicho huchukua mchana mzima kwa wiki kadhaa, na mwanafunzi mwenye kazi nyingine ya mchana hulazimika kuchagua moja.

Hatua za kufuata

1. Kaa na watoto kwanza, kabla hujalipa ada yoyote. Omba nafasi ya kujitolea katika shule ya awali kwa siku zisizopungua kumi, kuanzia watoto wanapoingia hadi wa mwisho anapochukuliwa. Usiombe kufundisha. Omba kusaidia kuwanawisha mikono, kufunga kamba za viatu, kufuta meza na kuwasomea watoto wawili watatu hadithi. Ikifika siku ya saba au ya nane utakuwa umechoka, na hapo ndipo uchunguze kama bado unamsikiliza mtoto anayekueleza jambo lilelile kwa mara ya nne. Kama umegundua kwamba kazi hii haikufai, umeokoa miaka miwili ya maisha yako, na pia umewaokoa watoto.

2. Anza na mamlaka inayosajili walimu, kisha ndipo utafute chuo. Wengi huenda kinyume na utaratibu huu: huvutiwa na tangazo la chuo, hulipa, husoma, halafu hugundua kwamba cheti chao hakimo katika orodha inayokubalika. Mamlaka husika, iwe ni wizara, bodi au tume, huwa na masharti ya maandishi. Yapate, uyasome mpaka mwisho, kisha uulize mambo manne: ni kiwango gani cha chini cha elimu kinachotakiwa kwa mwalimu wa awali, ni vyuo gani vyenye ithibati (kibali rasmi cha kutoa mafunzo) kwa sasa, ni saa au wiki ngapi za mazoezi zinazohitajika, na je, kuna mtihani au mwaka wa uangalizi baada ya kuhitimu. Omba majibu hayo kwa maandishi na uyahifadhi pamoja na tarehe yake, kwa sababu masharti hubadilika, na mara nyingi mwanafunzi aliyeanza chini ya masharti ya zamani hupewa nafasi ya kumaliza chini ya hayohayo iwapo anaweza kuthibitisha alianza lini.

3. Chagua ngazi kulingana na kazi unayoilenga. Kwa kawaida cheti hukuwezesha kuwa msaidizi au mwalimu wa awali wa ngazi ya mwanzo, stashahada humpa mtu darasa lake, na shahada hufungua njia ya uongozi wa shule, ukaguzi na ukufunzi. Palipo na sheria inayodai shahada kwa kila mwalimu wa awali, cheti hakitakusaidia zaidi ya kuwa msaidizi. Kama fedha ni kikwazo, tafuta cheti ambacho masomo yake yanahesabiwa ukiendelea na stashahada, na umtake msajili wa chuo akuonyeshe kanuni hiyo katika kitabu cha mwongozo wa chuo, maana ahadi ya mdomo haitakusaidia atakapokuwa amehama.

4. Kichunguze chuo kwa macho yako. Uliza kama chuo kina darasa la watoto ndani ya eneo lake au makubaliano ya kudumu na shule za jirani, ni mara ngapi mkufunzi humtembelea mwanafunzi aliye kwenye mazoezi, na nani hulipia safari hizo. Chuo ambacho mkufunzi wake hutembelea mara moja tu, siku ya kutoa alama, kinakuachia ujifundishe mwenyewe.

Kozi za mtandaoni zina nafasi yake kwa masomo ya nadharia, lakini mazoezi hayawezi kufanyika kwenye skrini. Kozi isiyotaja popote shule utakayofanyia mazoezi haiwezi kukufuzisha hata kama cheti chake kina muhuri wa kupendeza.

Swali la kama diploma ya Montessori inatosha kumfanya mtu mwalimu hunijia karibu kila wiki, nalo linastahili jibu la wazi. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyebuni njia ya kufundisha watoto inayoitwa kwa jina lake, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto jijini Roma mwaka 1907, na mwaka 1929 ilianzishwa jumuiya ya kimataifa, AMI, ambayo hadi leo husimamia mafunzo ya njia yake. Hata hivyo, shule au chuo chochote kinaweza kujiita kwa jina hilo katika nchi nyingi. Uliza diploma inatolewa na nani. Zaidi ya hapo, tambua kwamba diploma ya Montessori, hata iliyo bora, ni ujuzi wa njia moja ya kufundisha, na mara nyingi haichukui nafasi ya leseni ya ualimu inayotolewa na serikali.

5. Soma nadharia ukiwa na mtoto halisi akilini. Utakutana na ukuaji wa mtoto, lugha na usomaji wa awali, hisabati ya awali, sanaa na muziki, afya na lishe, na elimu jumuishi. Kila unachosoma, kijaribu wiki hiyohiyo. Kwa mfano, ukifika kwa Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza namna watoto wanavyofikiri, chukua bilauri mbili zinazofanana, uzijaze maji sawasawa mbele ya mtoto wa miaka minne, kisha umimine maji ya bilauri moja kwenye chombo chembamba na kirefu. Muulize wapi kuna maji mengi. Watoto wengi wa umri huo huonyesha chombo kirefu bila kusita, na ukirudisha maji kwenye bilauri wanakubali kwamba yamekuwa sawa tena. Dakika tano za jaribio hilo zitakufafanulia kwa nini haifai kumkemea mtoto anayedai kwamba mwenzake amepewa uji mwingi zaidi kwa sababu tu kikombe chake ni kirefu.

6. Jifunze kuchunguza na kuandika unachokiona. Ninakaa kwenye hatua hii kuliko nyingine kwa sababu ndiyo moyo wa kazi, na ndiyo ambayo vyuo vingi huipitia haraka. Chunguza mtoto mmoja kwa dakika kumi, uandike alichofanya na alichosema, na uyaache maoni yako kwenye ukurasa wa pili. Wanafunzi wengi huandika hivi: “Leo mtoto alikuwa mkorofi kwenye kona ya ujenzi.” Sentensi hiyo haimsaidii mtu yeyote, kwa kuwa haisemi lolote isipokuwa kwamba mwandishi alikerwa. Linganisha na hii:

“Saa 3:20 asubuhi, kona ya ujenzi. Mtoto K, miaka 4 na miezi 2, amesimamisha vibao vitano. Mwenzake amechukua kibao cha tatu, mnara umeanguka. K amemsukuma begani kwa mkono mmoja, akasema, ‘Nilikuwa sijamaliza.’ Amekaa chini. Ameanza upya, safari hii ameweka vibao vipana chini na vyembamba juu.”

Soma tena maneno hayo kama mwalimu. Mtoto huyu ametunga kwa usahihi kauli ya jambo lililokuwa halijakamilika wakati uliopita, amegundua mwenyewe kwamba msingi mpana hushikilia mnara, na ameonyesha kwamba anahitaji mahali ambapo kazi isiyokamilika haiguswi. Kesho yake unaweza kutenga rafu moja ya kuwekea kazi ambazo hazijaisha na kuwafundisha wote alama yake. Andalio lako la somo limetoka kwenye daftari, na mkaguzi akiuliza kwa nini umeiweka rafu hiyo, unamwonyesha ukurasa. Tumia herufi badala ya majina, na usipige picha za watoto bila idhini ya maandishi ya wazazi na ya shule.

7. Pata cheti cha huduma ya kwanza na mafunzo ya ulinzi wa mtoto kabla ya mazoezi. Chagua kozi ya huduma ya kwanza inayohusu watoto, yenye mwanasesere wa kufanyia mazoezi, kwa kuwa mikono hujifunza kwa kutenda. Unapaswa kuweza bila kufikiri: mtoto aliyezidi mwaka mmoja akipaliwa na kushindwa kukohoa, unampiga mapigo matano kati ya mabega kwa kiganja, ukifuatiza na misukumo mitano ya tumbo, ukirudia kwa zamu huku mtu mwingine akiita msaada wa dharura. Kagua darasa pia. Kitu chochote kidogo kinachopita ndani ya bomba la karatasi ya chooni kinaweza kumziba mtoto koo, basi kiondoe mahali walipo watoto wanaotia vitu mdomoni. Zabibu hukatwa kwa urefu vipande vinne, na karanga nzima haziwafai watoto wa umri huu.

Kuhusu ulinzi, Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, katika kifungu cha 19, unataka mtoto alindwe dhidi ya kila aina ya ukatili, na adhabu ya viboko haina nafasi katika darasa la awali. Mtoto akikueleza jambo la kudhuriwa, msikilize bila kumhoji, usimwahidi kwamba utaficha siri, andika maneno yake kama alivyoyasema, na ulifikishe jambo hilo siku hiyohiyo kwa msimamizi wa ulinzi wa watoto shuleni. Kuchunguza ukweli wake si kazi yako.

8. Fanya mazoezi ya kufundisha kwa mpangilio. Wiki ya kwanza chunguza tu na ujifunze majina. Wiki ya pili ongoza kikundi cha watoto wanne au watano. Baada ya hapo chukua sehemu moja ya siku, kisha nusu siku, na mwishowe siku nzima. Mwanafunzi anayekabidhiwa darasa zima siku ya kwanza hujifunza kupiga kelele.

Andalio la somo liwe na lengo moja unaloweza kuliona kwa macho. “Mtoto ataelewa ukubwa” halipimiki. “Mtoto atapanga vijiti vitano kuanzia kifupi hadi kirefu na kueleza kwa maneno yake namna alivyovipanga” linapimika. Shughuli ya wote mkekani isizidi dakika kumi hadi kumi na tano, na muda ulio mrefu zaidi uwe wa michezo kwenye kona za kujifunzia, ambako wewe unazunguka, unachuchumaa hadi macho yako yalingane na ya mtoto, unauliza na kusubiri. Usimpe mtoto jibu hadi uhesabu moja mpaka tano moyoni; wengi wao wanahitaji muda huo ili wapate maneno.

Fujo nyingi huanzia pale watoto wanapohama kutoka shughuli moja kwenda nyingine. Watangulizie taarifa dakika tano kabla, tumia wimbo uleule kila siku, na uwaeleze wafanye nini badala ya wasifanye nini: “tembea polepole” hueleweka kwa mtoto wa miaka mitatu haraka kuliko “usikimbie”. Simama mahali ambapo mgongo wako unaelekea ukuta ili uwaone wote.

Katika ukaguzi wangu wa pili nilikuwa nimeandaa kadi za namba kwa uangalifu mkubwa, na msururu wa sisimizi ukapita ukutani karibu na mkeka. Niliwarudisha watoto mara tatu ili nimalize kadi zangu. Kwenye fomu yake mkaguzi aliandika kwamba watoto wawili walikuwa wakiwahesabu sisimizi kwa sauti, walikuwa wamefika kumi na moja, na mimi niliwakatiza. Sikuwa nimewasikia. Tangu hapo, kabla ya kumrudisha mtoto mkekani, husikiliza kwanza anachokisema.

9. Jenga jalada lako wiki kwa wiki. Liwe na azimio la kazi (mpango wa masomo ya kipindi kizima), maandalio ya masomo na tathmini ya kila moja, kumbukumbu za uchunguzi, fomu za ukaguzi zenye sahihi, karatasi ya saa za mazoezi, na vyeti vya huduma ya kwanza na ulinzi wa mtoto. Karatasi ya saa isainiwe kila Ijumaa na mwalimu mlezi, yaani mwalimu mzoefu wa shule anayekusimamia. Nimeona mwanafunzi akihangaika miezi mitatu kumtafuta mwalimu mlezi aliyehama, kwa sababu ya sahihi moja iliyosahaulika. Katika tathmini andika pia masomo yaliyoharibika, ukieleza ulichobadilisha kesho yake. Jalada ambalo kila somo limefanikiwa humtia msomaji shaka.

10. Omba usajili, kisha umalize kipindi cha uangalizi. Wasilisha maombi mara tu matokeo yanapotoka, na uhifadhi nakala ya kila karatasi pamoja na risiti. Kama sheria inataka mwaka wa uangalizi, omba mwalimu mlezi kwa maandishi ndani ya wiki ya kwanza ya ajira, maana shule yenye upungufu wa walimu inaweza kulisahau jambo hili hadi mwaka unapokwisha bila ripoti yoyote.

Ukikwama

*Alama zako za sekondari hazifikii kiwango.* Rudia masomo yanayohitajika, au uulize kama mamlaka inatambua kozi ya maandalizi au uzoefu wa kazi uliothibitishwa. Usinunue “nafasi maalumu” kwa mtu yeyote. Cheti kilichopatikana hivyo kinaweza kufutwa hata baada ya miaka mingi ya kazi.

*Majina yako yanatofautiana kwenye nyaraka.* Fuata utaratibu wa kiapo cha kisheria cha jina mapema, kabla ya kuomba chuo, kwa kuwa kurekebisha jina kwenye cheti cha taaluma huchukua muda mrefu zaidi.

*Chuo kimepoteza ithibati ukiwa katikati ya masomo.* Chukua mara moja nakala rasmi ya matokeo na mitaala ya masomo uliyokwisha kusoma, kisha uiandikie mamlaka ukiuliza ni chuo gani kinapokea wanafunzi wa kuhamia. Usingoje tangazo.

*Mwalimu mlezi anakuachia darasa na kuondoka.* Mweleze kwa heshima kwamba saa zisizo na uangalizi huenda zisihesabiwe. Likijirudia, mjulishe mkufunzi wako kwa maandishi. Suala hili linahusu usalama wa watoto, kwa hiyo usione haya kulisema.

*Watoto hawakusikilizi.* Punguza muda wa mkekani kwa nusu, punguza maneno, na uangalie kama wana njaa, usingizi au haja ya kwenda chooni. Kisha muombe mwenzako ahesabu ni mara ngapi kwa saa moja umetaja jina la mtoto kwa kumkemea na mara ngapi kwa kumtambua. Hesabu hiyo ikikushtua, anza kurekebisha hapo.

*Umefeli mazoezi ya kufundisha.* Omba maoni ya maandishi, uchague mambo mawili tu ya kurekebisha, na uombe kurudia katika shule nyingine chini ya mwalimu mlezi tofauti. Walimu kadhaa wazuri ninaowafahamu walirudia mazoezi.

*Cheti chako ni cha nchi nyingine.* Mkataba wa kimataifa wa UNESCO kuhusu utambuzi wa sifa za elimu ya juu, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2023, humpa mwombaji haki ya kutathminiwa kwa usawa katika nchi zilizouridhia, lakini unahusu elimu ya juu, na kutambuliwa kwa shahada hakumaanishi kwamba umepewa leseni ya kufundisha. Andaa tafsiri rasmi ya vyeti, maelezo ya kila somo, na hasa barua ya chuo inayotaja idadi ya saa za mazoezi na umri wa watoto uliowafundisha. Iombe barua hiyo wakati bado uko chuoni, wakati mkufunzi wako angali anakumbuka jina lako na darasa ulilolifundisha.